Choki na marisau ya kuwindia koyoti: kabla hujanunua, piga boksi

#1 MpanganiTX

Wakuu, habari za kazi. Wakubwa zangu, shikamooni.

Tangu mwezi wa kwanza nimepata meseji nyingi za faragha kutoka kwa wenzetu walioko Texas, Oklahoma na Kansas, na swali ni lile lile: "Kaka, koyoti wanamaliza mbuzi, ninunue choki gani?" Kwa mgeni: marisau ni zile punje nyingi zinazotoka kwa pamoja kwenye ganda moja, na choki ni kile kibano cha mdomoni mwa mtutu kinachozikusanya. Nimechoka kujibu mmoja mmoja nusu nusu. Naandika hapa yote ninayoyajua, mwenye nyongeza aongeze, mwenye kupinga apinge.

Mimi ni mtu wa Pangani, mtoto wa mvuvi. Mbuzi nimewajulia huku. Mwaka wa tisa sasa naishi upande wa San Angelo, Texas, kwa mzee mmoja mwenye shamba, na ndani ya kundi lake nina mbuzi wangu 60. Wenye kufanya biashara ya mifugo wanaujua mnada wa San Angelo. Mbuzi wengi mnaochinja Dallas na Houston wakati wa Idi wamepitia huku kwetu.

Kwa asiyemjua, koyoti ni ndugu wa bweha wetu. Mwenyewe ana kilo 10 hadi 16 hivi, lakini manyoya ya baridi yanamfanya aonekane mkubwa zaidi, na hilo linawadanganya watu kwenye kulenga. Jina limetoka kwenye lugha ya Kinahuatli ya Meksiko, coyotl. Yuko katika kila jimbo la Marekani isipokuwa Hawaii.

Sasa niwaeleze kwa nini jambo hili naliona zito.

Mwezi wa tatu mwaka juzi, wakati mbuzi wanazaa, niliamka saa kumi na mbili asubuhi nikakuta mtoto wa mbuzi amelala kando ya uzio. Kwa nje huoni kitu, unyevu kidogo tu shingoni. Nikamchuna ngozi ya shingo. Chini ya ngozi, nyuma ya taya, matundu manne na damu imevilia nyeusi. Huyo ni koyoti. Mbwa wa mtaani anararua masikio, mapaja, ubavu, anaacha fujo. Koyoti anakamata koo na kusubiri.

Jioni ile nilikaa na bunduki ya marisau, geji 12 ya pampu. Kwenye mtutu nilikuwa nimefunga choki ya batamzinga, ile inayobana kuliko zote, kwa sababu muuzaji aliniambia "kadiri inavyobana ndivyo inavyofika mbali". Ndani nilitia bakshoti 00, marisau ya punje kubwa kama maharage, kwa sababu nilidhani punje kubwa ndiyo inaua. Koyoti akatokea, nikapiga akiwa kama hatua 55. Alianguka, akainuka, akaingia kwenye vichaka vya mreteni. Nilifuata matone ya damu kwa tochi mpaka yakaisha. Nilitafuta hadi saa nne usiku. Siku ya nne tai walituonyesha alipo, kwenye korongo, mbali kabisa. Punje moja tu, tumboni. Mnyama yule aliteseka siku zile zote kwa sababu yangu, na mzee hakunisema hata neno. Asubuhi yake alinisogezea boksi la friji na kalamu nene, akaniambia, "Nenda kapige hili."

Nilichokiona kwenye boksi lile ndicho ninachotaka mkione.

Kwanza majina, maana hapa ndipo hela zinapopotea. Geji 12 ni hivi: chukua ratili moja ya risasi, namaanisha madini yenyewe, uigawe gololi 12 zilizo sawa. Gololi moja ndiyo upana wa mtutu wako, kama milimita 18.5. Choki ni pale mwishoni mwa mtutu panapobanwa. Bunduki nyingi za sasa zina choki ya kufunga na kufungua kwa hesi, kijibomba kifupi cha chuma. Choki zina majina kwa jinsi zinavyobana, na kubana kwenyewe ni kudogo mno. Silinda haibani kitu. Modifaidi inabana nusu milimita tu. Fuli inabana karibu milimita moja. Za batamzinga zinapita hapo. Ukitazama ukingo wa choki nyingi utaona vikato vidogo: kimoja ni fuli, vitatu ni modifaidi, vitano ni silinda.

Kipimo cha miaka yote ni yadi 40, yaani mita 36 na nusu, kwenye duara la inchi 30. Hilo ni sinia kubwa la pilau, sentimita 76. Fuli inatakiwa iingize asilimia 70 ya marisau ndani ya sinia hilo, modifaidi 60, silinda 40. Lakini hizo ni hesabu za marisau madogo ya ndege. Ukija kwenye punje kubwa hesabu zinavurugika, na hakuna anayeweza kukwambia zimevurugika vipi kwenye bunduki yako isipokuwa bunduki yenyewe.

Sasa turudi kwenye boksi langu. Nilichora sinia, na katikati nikachora sahani ya chakula, maana kifua cha koyoti akiwa ubavu, pale penye moyo na mapafu, hakizidi sahani. Akikutazama uso kwa uso ni kidogo zaidi, kama kisahani cha chai. Yadi 40, bunduki juu ya mfuko wa mchanga.

Bakshoti 00 kwa choki ya batamzinga: punje 15 zilitoka, 7 tu ndani ya sinia, na ndani ya sahani hakuna hata moja. Narudia, hakuna. Nikapiga mara ya pili nikapata moja. Punje kubwa za risasi laini zinapolazimishwa kupita pembamba zinasagana, zinapondeka ubavu, na punje iliyopondeka haiendi moja kwa moja. Nilikuta nyingine zimepasua kona ya boksi.

Bakshoti 00 kwa fuli ya kawaida: 12 ndani ya sinia. Vizuri, eti? Lakini ndani ya sahani ni moja, na nilipopiga tena, mbili.

Bakshoti namba 4 kwa fuli: ganda la inchi 3 linabeba punje 41, kila moja milimita 6.1. Ndani ya sinia 33. Ndani ya sahani 4, mara nyingine 5.

Hapo nikamkumbuka baba. Jarife lina matundu mapana, kazi yake ni papa. Dagaa ukimwendea na jarife atapita katikati na hutajua kama alikuwepo. Punje 00 ni gramu 3.5, ina nguvu hasa, imetengenezwa kwa ajili ya paa wakubwa. Namba 4 ni gramu 1.3 tu. Lakini koyoti hana mwili wa kuhitaji gramu 3.5. Anahitaji punje 3 au 4 zimfike kifuani kwa pamoja. Ukiwa na punje 12 zilizotawanyika kwenye sinia zima, unawinda na jarife.

Kwa hiyo jibu langu kwa wote mlioniuliza: msinunue choki kwa sifa. Nunueni maboksi mawili ya aina tofauti za marisau, tumieni modifaidi na fuli mlizopewa na bunduki, na boksi la friji. Kila mchanganyiko pigeni mara tatu, kwa sababu risasi moja haisemi kitu. Tafuteni marisau yaliyopakwa shaba na yaliyofukiwa kwenye unga wa plastiki ndani ya ganda. Huo unga unayazuia yasigongane na kupondeka, na nimeuona ukibadilisha boksi zima.

Maswali karibuni.

#2 RiftValley254

Mkuu umeandika vizuri, heshima. Mimi niko Kansas, mashamba ya ngano, nchi tambarare. Nilianza na namba 4 kama wewe, nikahamia T ya tangsteni miaka mitatu iliyopita na sirudi nyuma.

Wacha nieleze kwa wasioijua. Punje ya T ni milimita 5.1, ndogo kuliko namba 4. Lakini mchanganyiko wa tangsteni ni mzito kuliko risasi, kama gramu 12 kwa sentimita ya ujazo, na risasi ni 11.3. Chuma ni kama 7.8 tu. Halafu ni ngumu, haipondeki ikipita kwenye choki. Kwa hiyo hapo choki ya kubana inafanya kazi yake kweli. Ganda la inchi 3 lina punje kama 50. Mimi kwenye boksi yadi 40 napata punje 6 hadi 8 kwenye sahani yako.

Ubaya ni bei. Ganda moja linaweza kula hela ya karibu boksi zima la risasi za kawaida. Na mimi napiga mpaka yadi 60 bila wasiwasi.

#3 Mutoto_wa_Bukavu

Ndugu Mpangani, aksanti sana kwa haya maelezo. Mimi niko Iowa, tunafuga mbuzi na kuku na familia mbili za kwetu. Nilienda dukani nikaomba namba 4 kama ulivyoniandikia. Nikapewa boksi. Nilifungua ganda moja kwa kisu nione: ni tupunje tudogo tudogo, tuko karibu mia na hamsini ao zaidi. Si 41. Je, nimekosea?

Pili: nilibakiza maboksi ya chuma ya kupigia bata bukini, imeandikwa BB. Naweza kuyatumia na fuli?

#4 MpanganiTX

Mutoto wa Bukavu, hukukosea peke yako, hilo ndilo kosa linalowapata wengi na nilipaswa kuliandika mwanzoni. Kuna namba 4 mbili. Namba 4 ya ndege ni milimita 3.3. Namba 4 ya bakshoti ni milimita 6.1. Zinatumia namba moja, lakini ni vitu viwili tofauti kabisa. Hiyo uliyopewa ni nzuri kwa kanga na batamzinga. Kwa koyoti itaingia kwenye manyoya na ngozi, itamuumiza, na ataondoka. Usiitumie kabisa. Dukani taja neno bakshoti, kisha usome mwenyewe ubavu wa boksi: iandikwe idadi ya punje, 27 kwa ganda la inchi 2¾ au 41 kwa inchi 3. Ukiona uzito kwa aunsi badala ya idadi ya punje, rudisha.

Na hakikisha mtutu wako umeandikwa inchi 3 kabla hujatia ganda la inchi 3. Maandishi yako ubavuni mwa mtutu, karibu na chemba, pale ganda linapokaa. Ganda refu linaweza kuingia kwenye chemba fupi na likakudanganya kwamba limekaa sawa, kwa sababu mdomo wake hufunguka likishapigwa. Hapo ndipo shinikizo linapopanda. Usijaribu.

Kuhusu BB za chuma: punje ni milimita 4.6 na kwa kuwa chuma ni chepesi, kila moja haifiki hata nusu gramu. Inapoteza mwendo haraka. Karibu, yadi 25 hadi 30, kwa modifaidi, inafanya kazi. Kwa fuli, usipige. Chuma hakibonyei kama risasi. Kinapolazimishwa kwenye pembamba kinaweza kuvimbisha mtutu au kung'ang'aniza choki ndani isitoke tena. Isipokuwa kama choki yenyewe imeandikwa kwamba inakubali chuma.

RiftValley, kaka, kwenye tangsteni nakubaliana nawe kabisa. Kwenye yadi 60 sikubali, na nakuomba usiwaambie wageni hivyo. Umepiga boksi kwa yadi 60? Si 40 halafu ukakisia?

#5 RiftValley254

Sijapiga. Nimeua koyoti wanne kwa umbali huo.

#6 MpanganiTX

Na waliokimbia ukadhani umekosa?

Nauliza kwa heshima, si kwa ubishi. Mimi yule wa kwanza, kama asingeanguka mbele yangu, ningesema "nimekosa" na ningelala usingizi. Koyoti aliyepata punje moja tumboni mara nyingi haonyeshi kitu. Anaruka kidogo, anakimbia kama mzima. Piga boksi yadi 50, halafu 60, uhesabu sahani. Ukipata punje 4 kila mara, mara tatu mfululizo, nitakuja hapa hapa kukuomba radhi.

Na kwa nchi tambarare kama yenu, kifaa cha yadi 60 hadi 200 ni raifo, bunduki ya risasi moja moja. Marisau ni ya vichaka. Huku kwetu kuna mgunga wa Kimarekani, yaani meskiti, na mreteni na mpungate, huoni mbele ya yadi 40 hata ukitaka. Koyoti anatokea ghafla, anapita mbio, na raifo yenye darubini inakuwa mzigo. Ndiyo maana nimekaa na marisau.

Kingine kinachosaidia kuliko choki yoyote: upepo. Koyoti akisikia mlio wa sungura aliyekamatwa, ule tunaoupiga kwa spika ili kumwita, haji moja kwa moja. Anazunguka mpaka awe upande ambao upepo unamletea harufu, ndipo anasogea. Kwa hiyo spika ya kuitia usiiweke miguuni mwako. Iweke hatua 25 hadi 30 juu ya upepo, wewe ukae chini ya upepo na uwazi mbele yako. Anapozunguka ili ainuse spika, anapita katikati yenu. Hapo umempata kwa yadi 20, na kwa yadi 20 hata modifaidi na namba 4 ni nyingi.

#7 MamaZuhura

Salaam alaykum. Niko Fresno, California, tuna kondoo. Naomba nionye ndugu zangu wa jimbo hili: tangu tarehe 1 Julai 2019, hapa hairuhusiwi kutumia risasi za madini ya risasi kwa kuwinda mnyama yeyote wa porini, koyoti akiwemo. Sheria ilipitishwa mwaka 2013 na sababu kubwa ni kondori, yule ndege mkubwa anayekula mizoga. Anameza vipande vya risasi anakufa kwa sumu. Kwa hiyo namba 4 ya risasi anayoisema kaka Mpangani, kwetu ni kosa.

Mume wangu anatumia tangsteni. Mimi natumia chuma, punje za T, choki ya modifaidi, na sipigi zaidi ya yadi 30. Tumepima. Bismuthi nayo inaruhusiwa, ni nzito kuliko chuma ingawa haifiki risasi, lakini inavunjika vunjika, sikuipenda.

#8 MpanganiTX

Wa alaykum salaam, dada. Ahsante sana, hilo nililisahau kabisa na ni kubwa. Hata sisi ambao sheria inaturuhusu, mzoga usiachwe wazi. Tai mweupe kichwani na wengine wanakula. Sisi tunafukia. Na mshike kwa glavu, maana koyoti anabeba upele na kichaa cha mbwa hakina mchezo. Texas ilianza kumwaga chambo zenye chanjo kutoka angani kwa eropleni kusini mwa jimbo mwaka 1995 kwa sababu ya kichaa kilichokuwa kikienezwa na koyoti.

#9 Mgogo_Halisi

Nafuatilia kutoka Dodoma. Naomba kuuliza bila nia mbaya: hamna boma huko? Huku kwetu mbuzi wanalala ndani ya boma la miiba, mbwa wawili, na bweha hafanyi kitu. Naona mnanunua risasi ya bei ya mbuzi ili kumlinda mbuzi.

#10 MpanganiTX

Swali zuri, mkuu, na sijaliona kama nia mbaya. Boma ndilo la kwanza. Shamba la mzee ni eneo kubwa sana, mbuzi wanalala walikofika, lakini tangu mwaka ule tunawaingiza wenye mimba kwenye zizi la waya karibu na nyumba wiki mbili kabla ya kuzaa. Tuna mbwa wawili wa kulinda, wale weupe wakubwa wa asili ya Pirenei wanaolelewa na mbuzi tangu wachanga, na punda jike mmoja. Punda anamchukia koyoti kweli kweli, nimemwona akimfukuza huku ameinamisha kichwa na masikio nyuma. Hayo yamepunguza vifo kuliko bunduki. Nasema wazi.

Na kuua ovyo hakusaidii. Serikali ya Marekani yenyewe inaua makumi ya maelfu ya koyoti kila mwaka na bado wamejaa. Ukimwondoa asiyekusumbua, anakuja mwingine kuchukua eneo lake, na huyo mpya pengine ndiye mla mbuzi. Sisi tuna jozi moja inayoishi kwenye korongo la mashariki, inakula panya na sungura, hatuigusi. Bunduki ni ya yule aliyeshajifunza kuvuka waya. Huyo boma halimzuii tena, na kwa sababu ni mmoja tu unayemtaka, ndipo unapotakiwa umpige akufe pale pale.

#11 Kijana_wa_Chuo

Samahani wakubwa. Nasoma Texas, nina viza ya F-1. Rafiki yangu ana shamba, amenialika. Naruhusiwa kushika bunduki?

#12 MpanganiTX

Kijana, umefanya la maana kuuliza kwanza. Sheria ya shirikisho inakataza mwenye viza ya muda, kama yako, kumiliki au kushika bunduki na hata risasi zake. Kuna kipengele kinachomruhusu aliye na leseni halali ya uwindaji iliyotolewa hapa Marekani. Wenye kadi ya kijani hawamo kwenye katazo hilo. Lakini hii ni sheria ambayo kosa lake linaweza kukufukuzisha nchi, kwa hiyo kabla ya kugusa chochote muone wakili wa uhamiaji au ofisi ya wanafunzi wa kigeni hapo chuoni. Usinitegemee mimi.

Kwa Texas yenyewe: koyoti hana msimu uliofungwa, lakini kwa kawaida leseni ya uwindaji inatakiwa, na aliyezaliwa tarehe 2 Septemba 1971 au baada ya hapo lazima apite mafunzo ya uwindaji. Ardhi karibu yote ni ya watu binafsi, ruhusa ya mwenye shamba ni lazima, na usipige kutoka barabarani wala kuvuka barabara ya umma.

#13 RiftValley254

Nimerudi. Jumamosi nimepiga boksi. Tangsteni T, choki ya kubana.

Yadi 40: sahani 7, 6, 8.
Yadi 50: 4, 5, 3.
Yadi 60: 2, 0, 3.

Ile sufuri nimeitazama muda mrefu. Imeacha pengo katikati ya sahani, koyoti mzima angesimama pale. Mpangani, huna la kuniomba radhi. Nimeshusha mwisho wangu kuwa yadi 45.

#14 MpanganiTX

Kaka, kuandika hizo namba hapa ni uungwana mkubwa. Wapo watakaosoma na kunyamaza, lakini zitawafaa.

#15 Mutoto_wa_Bukavu

Na mimi nimefanya. Nilirudisha boksi, nikapata bakshoti namba 4 ya kweli, 41. Bunduki ni pampu ya zamani, imeandikwa inchi 3. Watoto walisaidia kuhesabu matundu na kila moja wakaizungusha na kalamu, ili tusihesabu mara mbili.

Yadi 35. Modifaidi: sinia 32, 34, 31. Sahani 4, 5, 4.
Fuli: sinia 36, 35, 36. Lakini sahani 2, 3, 2! Nashangaa. Kwa fuli matundu yamekaribiana vizuri lakini yako juu kushoto, karibu kiganja kizima.

#16 MpanganiTX

Umefanya kazi safi. Hilo la fuli si la ajabu. Choki zingine hazikai katikati kabisa ya mtutu, au zimefungwa vibaya, na mafungu yote yanahama. Fanya hivi: toa risasi zote, angalia chemba kwa macho na kwa kidole, kisha fungua choki ya fuli. Safisha hesi zake na hesi za ndani ya mtutu kwa mswaki mkavu, mara nyingi kuna masizi. Funga tena mpaka ikae kabisa, si kwa nguvu za kuvunja. Piga tena mara tatu ukiwa umeegemeza bunduki kwenye mfuko wa mchanga, si kifuani. Yakibaki juu kushoto, basi ni choki hiyo. Iweke kando.

Hata ikirudi katikati, mimi ningekaa na modifaidi. Punje 4 hadi 5 kwenye sahani kwa yadi 35 zinatosha, na akipita yadi 15 mbele ya mlango wa banda bado una upana wa kumkuta. Fuli kwa yadi 15 inapiga kama ngumi moja, ni rahisi kumkosa kabisa.

Sasa pima yadi 35 kutoka unapokaa, kwa kamba, si kwa macho. Jioni macho yanadanganya. Weka alama utakayoiona hata mwanga ukipungua. Akiwa nje ya alama, hata akikaa akutazame, usiguse kifyatulio.

#17 Mutoto_wa_Bukavu

Fuli imebaki kushoto hata baada ya kusafisha. Nimeiweka kando.

Kamba tumepima na mke wangu leo saa kumi na moja. Inaishia kwenye uzio, nguzo ya saba kutoka kwenye geti. Nimefunga kitenge cha njano.